Siku ya Kibarua: Safari ya Kazi ya Kutwa hadi Vijiwe vya Kashai

Novemba 1890, msafara wa Emin Pasha ulifika ufukwe wa magharibi wa Ziwa Viktoria na kupiga kambi katika nchi ya Wahaya. Emin, daktari mzaliwa wa Silesia aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan kabla ya kuingia katika utumishi wa Wajerumani, alikuwa ameondoka Bagamoyo Aprili ya mwaka huo. Kambi hiyo ndiyo iliyozaa mji wa Bukoba. Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa jina la kiongozi peke yake, na wapagazi husahaulika. Lakini kila sanduku, kila robota la nguo na kila risasi iliyofika ziwani ilifika kichwani au begani mwa mtu. Mtu huyo alikuja na desturi ambayo Buhaya ilikuwa haijaizoea: kukodisha nguvu za mwili kwa muda uliopangwa, kwa ujira wa kuhesabiwa na posho ya njiani.

Leo, mwendo mfupi kutoka ufukwe huo, ipo Kashai, moja ya kata zenye watu wengi katika Manispaa ya Bukoba. Vijiwe vyake vya bodaboda huamka mapema. Miongoni mwa vijana wanaosubiri abiria wapo wenye pikipiki zao wenyewe, wapo wanaoendesha kwa mkataba, na wapo deiwaka. Deiwaka hana pikipiki wala mkataba. Anashika usukani siku ambayo mwenye zamu anaumwa, amefiwa au amechoka. Jioni anakabidhi hesabu, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mfanyakazi wa siku.

Kati ya mpagazi wa 1890 na deiwaka wa Kashai ipo historia ndefu ya kazi ya kutwa. Ndani yake umepita ugomvi mmoja ambao haujaisha mpaka sasa: siku iliyofanyiwa kazi inaandikwa na nani, na karatasi yake inakaa mkononi mwa nani.

Kikaratasi cha pwani

Ugomvi huo ulianza kuonekana wazi pwani. Katika Unguja, Mombasa na miji mingine ya mwambao, katika karne ya 19, mtu aliyefanya kazi ya kutwa ghalani, bandarini au kwenye ujenzi alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kwamba ameifanya siku yake. Kilikuwa barua ndogo, yaani kibarua. Alikipeleka kwa mlipaji akapata ujira. Polepole jina la kikaratasi likamhamia anayekishika, kisha likaihamia kazi yenyewe. Ndiyo maana mpaka leo anayeachishwa kazi husemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi, hata kama alikuwa meneja wa benki.

Wengi wa vibarua wa mwanzo hawakuwa watu huru. Mwenye watumwa wa mjini aliwaruhusu kutafuta kazi kwa wafanyabiashara waliohitaji mikono, kisha ujira ukagawanywa: sehemu ya bwana, mara nyingi nusu, na sehemu ya aliyetoka jasho. Kikaratasi kilikuwa na kazi mbili zinazopingana. Kwa bwana kilikuwa ushahidi wa mapato yake. Kwa mtumwa kilikuwa mwanya, kwa sababu penye siku inayohesabika pana pia sehemu ambayo mtu anaweza kuiita yake. Baadhi ya vibarua walipanga vyumba mbali na nyumba za mabwana, wakajilisha wenyewe na kujichagulia waajiri. Bwana aliyezoea kuamrisha akajikuta anasubiri jioni aletewe fungu lake.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Kibarua hakikufutwa pamoja nao. Kilipanda bara kwa misafara, kwa boma na kwa reli.

Buhaya kabla ya rupia

Waswahili na Waarabu walikuwa wamekwisha kufika Karagwe miongo kadhaa kabla ya Emin. Kituo chao cha biashara kilikuwa Kafuro, na wasafiri Waingereza Speke na Grant walipomfikia Mukama, yaani mfalme, Rumanyika mwishoni mwa 1861 walikuta habari za pwani zinafahamika vizuri. Hata hivyo Karagwe, Kiziba, Kianja, Ihangiro, Bugabo na falme nyingine za Buhaya zilikuwa na utaratibu wao wa kazi, na utaratibu huo haukuhitaji karatasi.

Kazi ilifuata kibanja, yaani shamba la migomba la kaya. Mgomba, mbuni na maharage viliishi pamoja kwenye udongo uliolishwa samadi na nyasi, na nyasi zenyewe zilikatwa kwenye rweya, yaani nyika ya wazi nje ya kijiji. Mukama alidai nguvu za watu wake kwa kujenga ikulu na kuitunza. Chini ya mfumo wa nyarubanja, aliyekaa kwenye ardhi ya bwana alimpa bwana sehemu ya mazao na siku za kazi. Hakuna aliyeziandika siku hizo. Zilijulikana kwa desturi, na aliyezikataa alihatarisha kibanja chake na makaburi ya wazee wake yaliyokuwa humo.

Kahawa ilikuwapo, lakini haikuwa bidhaa ya ghala. Buni za robusta ya asili zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa. Mgeni alipokelewa kwa buni, na waliochanjiana udugu waligawana punje mbili zilizotoka tunda moja. Upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya macho ya watawala. Sokoni watu walihesabu kwa simbi, yaani kauri.

Rupia ilibadilisha hesabu hizo zote. Mwaka 1897 utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya nyumba, na asiye na fedha aliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi. Bukoba, kama Rwanda na Burundi, iliachwa mikononi mwa wafalme wake huku Mjerumani akisimamia kutoka bomani, hivyo madai ya kodi na ya watu wa kazi yaliwafikia wananchi kupitia kwa wakama wao wenyewe. Kahigi wa Kianja alipata nguvu kubwa kwa kushirikiana na boma. Reli ya Uganda ilipofika ziwani mwaka 1901 na meli za mvuke zikaanza kuzunguka bandari za ziwa, Bukoba iliunganishwa na Kisumu na Mombasa. Ngozi na kahawa zikapata njia ya kutoka, na forodhani pakahitajika watu wa kupakia.

Vyumba thelathini

Mahali pengine katika koloni hiyo karatasi ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa amri. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, walowezi waliolalamikia uhaba wa watu walipatiwa dawa: kila mwanaume mzima alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Aliyekuwa na kadi iliyojazwa aliachwa. Ambaye yake haikujazwa alichukuliwa kwa kazi za serikali. Kikaratasi kilichokuwa kikithibitisha kwamba mtu anadai sasa kilithibitisha kwamba mtu anadaiwa.

Namna ya kadi iliyodumu zaidi mashambani Tanganyika, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, ni kipande. Inafaa kukitazama kwa karibu. Kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Kila siku ambayo mfanyakazi alimaliza kazi aliyopimiwa, chumba kimoja kilitiwa alama. Mshahara wa mwezi haukutoka mwezi wa kalenda ulipokwisha. Ulitoka vyumba vyote vilipojaa. Homa ikimpanda asubuhi, chumba kilibaki kitupu. Mnyapara akisema kwamba mstari haukufika kipimo, chumba kilibaki kitupu ingawa jasho lilikuwa limekwisha kumwagika. Hivyo mwezi wa kipande ulirefuka hadi wiki tano, sita na hata zaidi, na aliyeondoka akiwa na vyumba 22 alijua wazi ni nani mwenye kalamu.

Kenya nako jina hilohilo lilibeba mzigo mwingine. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kipande kilikuwa hati ya utambulisho yenye alama za vidole, iliyobebwa ndani ya kikopo cha bati shingoni, na ndani yake mwajiri aliandika mtu ameanza lini, ameacha lini na alilipwa kiasi gani. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Chuki dhidi ya kikopo hicho ililea siasa za Nairobi kwa miaka mingi.

Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza neno jingine. Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakaivamia Bukoba kwa siku tatu, yakavunja mtambo wa simu ya upepo na kuacha mji umeporwa. Lakini vita ile kwa Waafrika wengi haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya mizigo. Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu katika kikosi kilichojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, na wenye kubeba wakakiita Kariakoo. Jina hilo limebaki kwenye soko la Dar es Salaam na kwenye mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Makumi ya maelfu ya watu walikufa kwa kuhara, njaa na uchovu wakiwa kwenye orodha zilizoandikwa vibaya au zisizoandikwa kabisa, na mishahara ya wengi wao haikudaiwa na mtu.

Wenye kahawa na wenye majembe

Baada ya vita Bukoba ilipata utajiri ambao wilaya nyingi za Tanganyika hazikuuona. Bei ya kahawa ilipanda katika miaka ya 1920, na Wahaya wakapanda mibuni kwenye vibanja na kwenye rweya. Mkulima wa Bukoba hakulazimika kwenda mbali kutafuta fedha ya kodi, kwa sababu fedha ilining'inia nyuma ya nyumba yake. Kwa mara ya kwanza Mhaya wa kawaida akawa mwajiri.

Walioajiriwa walitoka magharibi. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ubelgiji, na huko neno la Kiswahili lilikuwa limepata sura ya kutisha. Kazi za lazima za barabara, matuta na mashamba ziliitwa akazi, na aliyechelewa alionja kiboko. Mwaka 1928 na 1929 njaa iliyojulikana kwa jina la Rwakayihura iliiangamiza sehemu kubwa ya mashariki ya Rwanda. Watu waliondoka kwa miguu, familia kwa familia, wengine wakielekea Buganda na wengine wakibaki njiani kwenye kahawa ya Bukoba. Waliokuwa wakikimbia akazi walikuja kutafuta kazi.

Kibarua wa shamba la kahawa Buhaya mara nyingi hakuwa na mnyapara wala kadi ya vyumba 30. Alikuwa na mwenyeji. Alipalilia, alikata nyasi rweya na kuzitandaza, alichuma, alianika buni kwenye mikeka na kubeba magunia. Alilala kwenye kibanda cha mwenyeji wake na kula ndizi za kibanja kilekile. Malipo yalifuata msimu, na mara nyingi yalisubiri kahawa iuzwe. Ukaribu huo ulikuwa na heri yake. Wapo waliopewa mahali pa kulima, wakaoa, wakazika wazee wao hapo na kuwa wenyeji. Ulikuwa pia na hatari yake: deni la mwenyeji lilikaa kichwani mwa mwenyeji, na kibarua asiyejua kusoma, asiye na ndugu kijijini, hakuwa na pa kulipeleka.

Wakati huohuo mkulima wa kahawa alikuwa na vita yake, na inafaa kuilinganisha na ya kibarua wake. Wahaya walikuwa wameunda Bukoba Bahaya Union mwaka 1924, na mwaka 1936 Klemens Kiiza, mmoja wa viongozi wake, akaanzisha chama cha wakulima, Native Growers Association, ili kahawa ya Mwafrika ipite mikononi mwa Mwafrika. Mwaka 1937 serikali ilipolazimisha kanuni mpya za utunzaji wa mibuni, Bukoba iliwaka. Wakulima walizikataa kanuni hizo, mikutano ikavunjwa, polisi wakaletwa. Chini ya hasira hiyo kulikuwa na madai rahisi: nani anapima kahawa yangu, nani anapanga daraja lake, nani anaandika bei.

Mwaka 1950 madai hayo yalipata jengo na daftari. Chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, kiliandikishwa, na mkulima akaanza kupeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi, akaiona ikipimwa na kupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ilikuwa ushindi wa kweli. Iliweza kuhifadhiwa sandukuni, kuoneshwa kwenye mkutano mkuu, kudaiwa malipo ya pili. Ilisomesha watoto wa Kiziba, Kianja na Ihangiro kwa kiasi kilichoifanya Bukoba isifike kwa wasomi wake.

Lakini jina lililoandikwa juu yake lilikuwa moja tu. Aliyechuma na kuanika hakuwamo. Mkulima aliyepigania kalamu kwa miaka 26 aliipata, na mtu aliyemfanyia kazi alibaki akitegemea kumbukumbu ya mwajiri wake. Mpangaji wa nyarubanja naye alisubiri mpaka Sheria ya mwaka 1965 ilipoanza kumpa haki juu ya ardhi aliyoilima, na mfumo huo ukamalizwa katika miaka iliyofuata.

Namba, bandari na mgomo

Mashariki ya nchi, kibarua alikuwa anageuzwa namba. Wenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro walitafuta watu mbali, hasa Kigoma, Burundi na nyanda za kusini, na mwaka 1944 chama cha wenye mkonge kiliunda ofisi ya kukusanya watu iliyojulikana kama SILABU. Walioandikwa walipewa namba, wakapakiwa kwenye malori na mabehewa, na nchi nzima ikawaita manamba. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeunda Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Granville Orde Browne ili kuchunguza hali za watu kama hao. Ilifungwa mwaka 1931, mdororo wa uchumi ulipobana, katika kipindi ambacho wafanyakazi waliihitaji zaidi.

Mwingereza mwenyewe aliijua kazi ya kutwa tangu zamani. Fundi wake aliyemaliza uanagenzi lakini hana karakana aliitwa journeyman, jina lililotokana na neno la Kifaransa la siku, kwa kuwa alilipwa siku kwa siku. Katika bandari ya London ya karne ya 19, wanaume walisongamana getini alfajiri wakisubiri kuchaguliwa. Agosti 1889 waligoma, wakiongozwa na watu kama Ben Tillett, John Burns na Tom Mann. Walidai peni sita kwa saa, na zaidi ya hapo walidai kwamba anayeitwa kazini asiachwe kabla ya kupata kazi ya muda wa saa nne. Walishinda. Makarani na mameneja waliotumwa baadaye Mombasa na Dar es Salaam walitoka katika nchi iliyokwisha kujifunza, kwa mgomo, kwamba kibarua wa bandari akikaa chini meli hazitembei.

Wakajifunza tena. Makuli wa Mombasa waligoma mwaka 1939 na 1947, wa Tanga mwaka 1939, na Septemba 1947 mgomo wa bandari ya Dar es Salaam ukafuata njia ya reli mpaka bara. Baada ya hapo serikali na makampuni yakaanza kuwaandikisha vibarua wa bandari na kuwapunguza mpaka wabaki wa kudumu. Hatua hiyo ilikuwa na pande mbili. Aliyeandikwa alipata mshahara wa uhakika na chama cha kumtetea. Aliyekosa nafasi kwenye daftari alikosa hata ile siku moja moja. Chama cha wafanyakazi cha nchi nzima, Tanganyika Federation of Labour, kilizaliwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Uhuru ulipokuja, kauli ya taifa ikawa Uhuru na Kazi.

Kadi ya Nguvu Kazi

Miaka ya 1980 mwanzoni, uchumi ulipokuwa hoi baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, serikali ilirudi kwenye karatasi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa waziri mkuu, ilimtaka kila mwenye uwezo awe na shughuli halali, na mjini mtu alitakiwa kuonesha kitambulisho cha kazi. Wasio nacho walikamatwa, wakapelekwa mashambani au kurudishwa makwao. Nia ilikuwa kuongeza chakula na kupunguza umati wa vijana mijini. Athari yake kwa mchuuzi, kwa mbeba mizigo, kwa kibarua wa ujenzi ilikuwa kuambiwa kwamba kazi anayoifanya kila siku si kazi, kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Sera hiyo ilififia biashara zilipofunguliwa katika miaka iliyofuata. Viwanda vya umma vilipunguza watu na bei ya kahawa ikayumba. Ajira iliyokuwa na kadi ya mshahara ikawa ya wachache. Wengine wote walirudi kwenye siku.

Boda na deiwaka

Hapo ndipo Kiingereza cha mtaani kilipoingia tena. Mwanzo wake ulikuwa wa zamani kidogo: miaka ya 1960, katika mji wa Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Waliita abiria kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza, boda, boda, na wito ukawa jina la kazi. Kazi hiyo ilienea Uganda nzima, ikabadilika kutoka baiskeli kwenda pikipiki. Bukoba, iliyo karibu na Uganda kwa barabara ya Mutukula kuliko ilivyo karibu na Dodoma, haikuhitaji kufundishwa maana yake. Mwaka 2010 kanuni za Tanzania zikaruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni.

Kashai ni mahali panapoifaa kazi hii. Nyumba zimesongamana, njia za ndani ni nyembamba, na watu wanakwenda na kurudi kutwa kati ya makazi, soko, stendi na ofisi za mjini. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani, vibarua wa aina nyingine walionekana kila kona: saidia fundi, wanaochanganya zege, wanaobeba matofali, wanaolipwa jioni.

Pikipiki ya mkataba ina utaratibu unaojulikana. Mwenye chombo, ambaye vijana humwita tajiri au bosi, anamkabidhi dereva. Dereva anatoa kiasi walichokubaliana kila siku au kila wiki mpaka deni liishe, na pikipiki inakuwa yake. Makubaliano haya sasa huandikwa mara nyingi, na wengine huyapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa wakili.

Deiwaka yuko nje ya karatasi hiyo. Amepewa funguo na mtu ambaye pikipiki si yake kamili. Makubaliano yao ni ya mdomo: hesabu kiasi fulani, urudishe na mafuta kama ulivyoyakuta, saa mbili usiku usizidi. Akigonga, swali la kwanza kijiweni ni nani atatengeneza chombo. Swali la mguu wake linafuata baadaye, na aghalabu linajibiwa kwa mchango wa wenzake. Anaweza kuendesha kila wiki kwa mwaka mzima, mikononi mwa watu watano tofauti, na mwisho wa mwaka asiwe na hata mstari mmoja wa maandishi unaoonesha kwamba alifanya kazi.

Wino uliomo kwenye sheria

Si kweli kwamba sheria imemsahau kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi: jina, kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa, ujira. Inaongeza jambo zito. Mwajiri akishindwa kuleta maandishi hayo mbele ya chombo cha kutoa haki, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyobishaniwa unakuwa wake. Kwa karne nzima kibarua asiye na alama kwenye chumba ndiye aliyebeba hasara, na sheria hii imeuhamishia mzigo huo kwa mwenye kalamu. Lakini kifungu hichohicho kinamwacha nje anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Deiwaka anayezungushwa kati ya pikipiki tano anaweza kufanya kazi siku 25 na bado asifikishe sita kwa yeyote.

Sheria ya pili, ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, inafungua mlango mwingine. Inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa: kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, kwamba anamtegemea mtu huyo kiuchumi, kwamba amepewa na mtu huyo vitendea kazi, au kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Pikipiki ni kitendea kazi. Saa za kurudisha chombo ni saa zilizopangwa. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua zaidi mwaka 2007: kibarua wa kutwa ambaye siku zake mfululizo zinafikia mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba mwenye haki zake.

Haki hizi zote zinahitaji ushahidi wa siku. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, haiwezi kuhesabu siku ambazo hakuna aliyeziweka mahali. Vijiwe vya bodaboda vina viongozi, vina michango na mara nyingi vina daftari la fedha za msiba na ugonjwa. Daftari hilohilo likiongezewa safu nne, tarehe, dereva wa siku, namba ya pikipiki na hesabu iliyotolewa, na wote wawili wakitia sahihi jioni, deiwaka wa Kashai atakuwa na kitu ambacho kibarua wa kahawa wa 1930 hakuwa nacho, na ambacho wakulima wa Bukoba walikipigania mpaka 1950 wakakipata: maandishi ya jasho lake yasiyokaa mkononi mwa bosi peke yake. Halmashauri ya manispaa na vyama vya madereva vina uwezo wa kulianzisha bila kusubiri sheria mpya, na gharama yake ni ya daftari na kalamu.